Gundi ya Bawa Lako

Edina mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Mdandu kumuaga bibi yako, na mimi umeniachia kazi ya kulinda jiko. Sio jiko la maandazi. Hilo nimelizima mapema kuliko siku zote, na wateja wangu wa stendi wamenuna. Nasema hili jiko dogo la mkaa uliloliweka kwenye kona ya sebule, mbali na meza, ukaniambia, "Mama, chumba kiwe cha vuguvugu tu. Usilisogeze jiko. Na dirisha uliache wazi kidogo, hewa ya mkaa isije ikakudhuru." Unaniambia hivyo mimi niliyekuzaa, kana kwamba mimi ndiye mtoto wa nyumba hii. Basi nimekaa. Dirisha liko wazi, ukungu wa Njombe unaingia taratibu, na mezani limelala bawa la ndege yako ndogo ya kurusha kwa rimoti, limefungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, gundi ikikauka ndani yake tangu jana jioni.

Kesho unapanda basi la Dar es Salaam. Wale vijana wenye karakana ya ndege zisizo na rubani, wanaopiga picha mashamba ya watu kutoka angani, waliiona ndege yako kwenye video ya simu wakakuita. Lakini walisema wazi: njoo nayo, irushe mbele yetu, ikiruka vizuri nafasi ya kujifunza kazi ni yako. Isiporuka, asante kwa kuja. Nao hawajui kwamba baada ya video ile bawa lilivunjika katikati, kule kule Makambako tulikoipigia, na kwamba safari yako yote sasa imeshikiliwa na kiungo kimoja chenye upana wa kiganja. Muda wa kutengeneza bawa jingine haupo. Ndiyo maana naandika. Nikikaa bure nitalisogeza jiko, unanijua.

Sitakuandikia habari za mabegi, soksi na chakula cha njiani. Mama mkubwa wako wa Makambako amekwishakuhubiria hayo kwenye simu, pamoja na wezi na vijana wa mjini, mpaka salio lake likaisha. Mimi nitakuandikia kuhusu gundi, kwa sababu katika mambo yote ya ndege hiyo ni gundi peke yake ndiyo niliyoielewa, na niliielewa kwa kuharibu. Usitafute mafumbo humu. Nikisema gundi, ni gundi.

Unakumbuka ya kwanza? Ulikuwa kidato cha pili. Jirani alinunua televisheni, wewe ukakimbilia boksi. Ukatoa lile povu jeupe gumu la kuzuia televisheni isigonge, ukalikata kwa waya uliopashwa moto, ukapata mabawa mawili mazuri kweli. Nikaona vibaya kukuangalia tu. Nikaenda dukani nikaleta supagluu, ile ya kubandikia viatu, maana hakuna kitu nilichokuwa nakijua chenye nguvu kuliko hiyo. Nikakumiminia mwenyewe, kwa ukarimu. Povu likachemka mbele ya macho yetu. Likatoboka tundu ambalo ngumi ingepita, na harufu yake ilikaa ndani kwa siku kadhaa. Uliniangalia tu, halafu ukaliangalia tundu, halafu ukauliza, "Mama, kwa nini limeyeyuka?" Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu niende kugombana na mwenye duka. Wewe ulitaka kujua kwa nini. Tuko tofauti hapo, na nashukuru hukunifuata mimi.

Ndipo tukafika kwa yule Mkinga wa duka la vifaa vya ujenzi. Kamwene, kamwene, tukasalimiana, na mimi nikasema nataka gundi isiyoyeyusha povu. Akaleta zile za tyubu mbili, epoksi, za kuchanganya. Kulikuwa na ya kijivu, ya kuzibia vyuma. Kulikuwa na ya dakika tano. Na huko juu kabisa, kwenye vumbi, kulikuwa na ile ya polepole inayotaka usiku mzima na zaidi. Wewe ulikuwa unasoma maandishi madogo nyuma ya boksi. Mimi nilikuwa nimeshaishika ya dakika tano.

"Hiyo ndiyo inayoondoka, mama Edina," Mkinga alisema. "Hizo nyingine zinanizeekea tu."

"Basi," nikasema. "Kitu cha dakika tano kwa nini tukingoje usiku kucha?"

Hiyo gundi ilikuwa ya dakika tano kwa watu wa huko ilikotengenezwa. Njombe ilikuwa mwezi wa saba. Tulichanganya, tukapaka, tukangoja, na baada ya kunywa chai na kuosha vikombe bado ilikuwa inavutika kama asali. Hapo nikafanya lile ambalo mama mkubwa wako mpaka leo akilikumbuka anacheka mpaka anakaa chini. Mimi ni mtu wa maandazi. Baridi ikizidi unga hauumuki, kwa hiyo unaongeza hamira. Kila mwanamke anayekaanga maandazi katika mji huu anaongeza hamira mwezi wa saba, hakuna wa kumfundisha mwenzake. Basi nikaona hii tyubu ya pili, ya kugandisha, ndiyo hamira yao. Uliporudi kutoka kuchota maji ulikuta nimeshachanganya upya, ya kwanza kidogo, ya pili nyingi. Nikakuonyesha kwa fahari.

Haikukauka. Haikukauka siku ile, wala kesho yake, wala mpaka ulipoikwangua yote kwa kisu. Ilibaki inanata kama mikono ya mtoto aliyekula muwa. Wewe ukanieleza polepole kwamba hizi mbili zinashikana moja kwa moja, kila kipande cha hii kinatafuta mwenzake wa ile, na ukizidisha upande mmoja wanaobaki bila mwenza wanakaa tu humo wakilegeza wenzao. Nilikuuliza nani amekwambia. Ukasema, "Imeandikwa kwenye boksi, mama." Na mikono yangu ikawasha wiki nzima, maana kuhusu glavu pia ilikuwa imeandikwa.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuombea huko uendako ni hilo la kupima sawa sawa. Watu watakuja wenye haraka kama yangu, wengine watakuwa wakubwa wako wa kazi, watakwambia ongeza hiki ikaze upesi. Usiwabishie sana, wazee hawapendi. Changanya tu yako kwa kipimo chake, koroga kwa subira, ukwangue pembeni na chini ya kikombe kama ninavyokwangua sufuria ya uji. Ikiwa baridi ni tatizo, pasha moto tyubu kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuzifungua. Hilo uligundua wewe, mimi nilikuwa nimeweka bawa juu ya jiko na povu likapinda kama ulimi. Haya, na hilo nimelisema. Yamekwisha.

Ile ya kijivu tuliijaribu pia, unakumbuka, ulipofunga mkia. Ilishika kweli kweli. Lakini ilikuwa nzito, ndege ikakaa kitako kama kuku anayetaga, pua juu, na kila ulipoirusha ilipanda kidogo ikajirudisha nyuma ikaanguka. Mimi nilitaka tuongeze mzigo puani. Ulikaa na kisu jioni nzima ukaipunguza gundi yote iliyozidi, ukisema gundi iliyo nje ya kiungo haishiki kitu, ni uzito wa bure. Mimi nilikuwa nafikiri ukipaka nyingi ndiyo upendo.

Nilikuwa na haraka ya nini? Nimejiuliza leo, nikiangalia makaa haya. Nafikiri nilikuwa naogopa utachoka kabla haijaruka. Wanawake wa kwaya walikuwa wananiuliza, "Edina bado anacheza na makaratasi yake?" Nami nilikuwa najibu kwa kucheka, halafu narudi nyumbani nakuhimiza, fanya haraka, fanya haraka, ili ndege iruke nikawafunge midomo. Haraka ile haikuwa yako. Ilikuwa ya kwangu na ya kwaya.

Halafu ikaja Makambako. Wewe ndiye uliyesema turushie kule, kwenye uwanda nyuma ya kwa mama mkubwa, kwa sababu upepo wa Makambako ni mkali lakini ni wa upande mmoja, sio huu wetu wa kwenye vilima unaozungukazunguka. Ile mara ya kwanza, ya video, nililia. Sikukwambia. Nilisema ni vumbi. Ilikwenda juu ya mahindi ya watu, ikageuka, ikarudi, jua likipita kwenye mabawa yake, na mama mkubwa alipiga vigelegele mpaka watu wakatoka madukani wakidhani kuna harusi. Mzee mmoja aliuliza imetoka wapi. Nikamwambia imetoka Njombe, kwa huyu. Nilikushika bega nikisema hivyo. Siku hiyo kama wangeniambia nikae kiti cha mbele kanisani ningekaa.

Mara ya pili ndipo ikavunjika. Upepo ulikuwa umezidi, ukaigeuza kwa nguvu, tukasikia kitu kimelia tap, na bawa moja likabaki linaning'inia. Ikaja chini inazunguka. Mimi nilishika kichwa. Mama mkubwa akaanza kusema haya ni maneno ya watu wenye wivu. Wewe ulikwenda kuokota, ukakaa chini kwenye majani, ukaanza kuangalia pale palipoachana. Uliangalia sana. Nikadhani unalia, nikaja na khanga nikufute. Hukuwa unalia. Ulinyanyua kile kijiti cha mwanzi kilichounganisha mabawa mawili, ukanionyesha.

"Mama, ona. Kinang'aa."

Nikaona. Kilikuwa safi kabisa, kinang'aa kama kimetoka kukatwa.

"Gundi haikuvunjika," ukasema. "Imebanduka nzima. Haikuwahi kushika, ilikaa tu juu. Ganda la mwanzi lina nta. Lilitakiwa kukwanguliwa."

Na sote tunajua nani alikwambia achana na msasa, basi linakuja, paka gundi twende. Lakini hukulisema. Ulifurahi. Naapa ulifurahi, mwanangu, umekaa kwenye majani na ndege iliyovunjika mapajani, uso wako uking'aa kwa sababu umeelewa. Mimi nimekuona ukifaulu mitihani, nimekuona ukipata kipaimara umevaa nyeupe, lakini hapo ndipo nilipojivunia kukuzaa kuliko siku nyingine yoyote. Nataka ulijue hilo kwa maandishi, maana kwa mdomo nitaanza kutania.

Kwa Mkinga safari hii ulitangulia wewe, mimi nikakaa nyuma nimeshika mkoba. Ukaomba ile ya polepole, ya juu, ya vumbini. Akaishusha, akaifuta, akaiangalia.

"Hii imeharibika, dada. Ona, imeganda kama sukari."

"Haijaharibika," ukamwambia. "Ni baridi tu. Asali nayo si huganda? Nikiiweka kwenye maji ya moto itarudi."

"Nami nilikuwa naitupa!"

"Usitupe. Niwekee na nyingine."

Alikuangalia, halafu akaniangalia mimi, akasema, "Mama Edina, huyu umempata wapi?" Nikamwambia nimemkaanga mwenyewe. Tukacheka wote watatu, na njiani nikawa natembea taratibu ili kila mtu apate nafasi ya kutusalimia.

Jana nilikuona unavyofanya. Ulikwangua mwanzi mpaka ukawa na chengachenga, ukapiga msasa, ukafuta kwa spiriti, ukakataa kuugusa tena kwa kidole. Ukajaribisha kwanza bila gundi, uone kama vipande vinakutana vyenyewe bila kulazimishwa. Ndipo ukachanganya, kidogo tu. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa kimya, jambo ambalo ungeliandika ukutani kama ungekuwa na nafasi.

Sasa, Dar es Salaam. Huko joto lake sio la mchezo, na gundi uliyoizoea hapa itakushangaza. Hapa tumezoea kwamba ukichanganya una muda wa kufikiri, wa kuongea, wa kwenda kufunga mlango. Huko ile ya haraka itakugandia kwenye kijiti kabla hujainama. Hata ya polepole, ukichanganya nyingi kwenye kikombe kimoja itapata moto yenyewe, ifuke moshi. Ulinisomea hilo mwenyewe, nami nimelishika. Changanya kidogo kidogo, uitandaze. Ile ya haraka uwe nayo kwa ajili ya kuziba mahali padogo uwanjani, sawa, lakini mabawa na mahali pa kufungia mota usiipe. Na ndege usiiache juani ndani ya gari la mtu.

Jingine moja, halafu nanyamaza. Juzi nilikuambia tupake rangi juu ya kiungo, ili wale vijana wasione kwamba ilivunjika. Ukasema, "Mama, wao ni mafundi, wataona." Nikanuna kidogo. Nimelifikiria leo. Nimekuta umeweka kile kijiti kilichong'aa kwenye begi lako, umekizungushia karatasi, na nimekiacha humo humo. Wakikuuliza, watolee. Waambie kilibanduka kwa nini, na umefanya nini badala yake. Mimi maisha yangu yote andazi likiungua naligeuza upande mzuri ndio uwe juu, na nimeuza mengi hivyo, lakini hakuna aliyewahi kuniita kutoka mbali kwa sababu ya andazi.

Nasikia sauti yako kwa jirani. Umerudi. Nitaendelea.

*

Naendelea. Sasa ni jioni, wewe uko chumbani unafunga mabegi na unaimba ule wimbo wa kwaya kwa sauti ya pili, ambayo huiwezi.

Uliingia na mfuko wa maparachichi ya bibi na maombi yake marefu kichwani. Hukuligusa bawa kwanza. Ulichukua kile kizibo cha soda chenye mabaki ya gundi ya jana, ukakikwaruza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. Ukafungua mipira ya tyubu mmoja mmoja. Kisha ukaleta stuli mbili, ukalilaza bawa juu yake, ncha moja huku na ncha nyingine kule, katikati hewani, ukaniomba unga wangu wa ngano.

"Ufanye nini na unga wangu?"

"Nipime. Kama haliwezi kubeba pakiti hizi, halitauweza upepo wa huko."

Ukaweka pakiti ya kwanza juu ya kiungo. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti. Ukaweka ya pili. Nilikuwa nimeingiza mkono wangu chini ya bawa, kiganja juu, sijagusa, niko tayari tu. Ulikuwa umeshika pakiti ya tatu na hukuiweka.

"Mama, toa mkono."

"Nimeuweka tu. Sijaligusa."

"Najua. Lakini likianza kupinda utalishika, na mimi sitajua kama limeshika lenyewe."

Nilitaka kukwambia kwamba likivunjika leo hakuna jingine, na safari ni kesho. Lakini ulikuwa unalijua hilo kuliko mimi, na pakiti ilikuwa bado mkononi mwako, ukinisubiri, bila kunikasirikia. Nikautoa mkono. Sikujua niuweke wapi, nikaukalia.

Ukaweka ya tatu. Mianzi ikalia kidogo, bawa likainama katikati, nami nikafumba macho. Nilipofumbua ulikuwa unaweka ya nne. Lilikaa. Ukazitoa zote, likanyooka lenyewe, ukapitisha kidole kwenye kiungo chote taratibu, halafu ukaniangalia na kusema, "Twende kazi."

Nenda, Edina. Baba yako anatoka Mlangali na lori la maharage na atatukuta stendi asubuhi, atajifanya ana mafua ili asionekane analia, usimcheke. Mimi nitatania mpaka basi liondoke, ndivyo nilivyo, lakini moyo wangu umejaa na sina pengine pa kuuweka zaidi ya karatasi hii. Nakupenda, na ninajivuna, na wanawake wa kwaya watanikoma.

Ukifika usihangaike kunipigia kwamba umefika salama, tutajua kwa watu wa basi. Nipigie siku utakapoirusha. Ikishakuwa juu, mpe mtu yeyote aliyesimama karibu ashike simu aielekeze juu, nisikie mlio wa mota. Usiishike wewe. Mikono yako yote miwili iwe kwenye rimoti.

Mama yako